Mzee Ameandikwa

"Wewe! Wewe mwenye televisheni! Umechoka kuishi?"

Filimbi ililia mara tatu. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi kwenye njia panda ya Nakawa, mwaka ule serikali ilipowalazimisha watu wote kusajili upya laini zao za simu, na katikati ya Barabara ya Jinja alisimama kijana aliyekumbatia skrini ya kompyuta kama mtu aliyebeba mgonjwa. Lori la saruji lilikuwa limefunga breki hatua mbili tu kutoka ubavuni mwake. Dereva alitoa kichwa dirishani akamtukana kwa Kiganda, kisha akaongeza kwa Kiswahili ili asikose kuelewa.

Koplo Akot aliwasimamisha wote kwa mkono mmoja, akamfuata kijana yule na kumvuta kando kwa ukosi wa shati. Koplo huyo alikuwa msichana wa Kiacholi wa miaka ishirini na tisa, mrefu, mweusi wa kung'aa, sare yake nyeupe ya trafiki imepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama kama wembe. Hasira zake zilijulikana kuanzia Banda hadi Lugogo. Madereva walikuwa na msemo wao: Akot akifoka, una bahati, akinyamaza, toa leseni.

"Samahani, afande," kijana alisema. "Niliona taa ni ya kijani."

"Kijani ya magari! Wewe ni gari?"

"Hapana, afande."

"Basi namba yako iko wapi? Nikuandikie faini nikubandike wapi, kwenye paji la uso?"

Kijana aliangalia chini ili asicheke. Alivaa shati la manjano lililochomekwa vizuri na viatu vilivyong'aa katikati ya vumbi lile hadi ikawa kama anawatukana wapita njia. Akot akajua moja kwa moja: Mkongo.

"Unaitwa nani?"

"Bisimwa. Wa Bukavu. Nina kibanda nyuma ya soko. Natoa nakala za vitambulisho, nachapa barua, na watu nawatengenezea mahesabu ya nyumba kwenye kompyuta."

"Mahesabu ya nyumba ya nani?"

"Ya mtu yeyote ambaye mshahara wake unaondoka bila kuaga."

Akot alijigusa mfukoni. Ndani ya mfuko wa suruali yake mlikuwa na daftari dogo lililokunjamana, na ndani ya daftari hilo, mwezi ule, hesabu zilikuwa zimegoma kabisa kukubaliana.

"Potea," alisema. "Na uvuke pale kwenye pundamilia."

*

Jumamosi akaenda. Alivaa gauni la kitenge la buluu, akaziachia rasta zake zilizozoea kubanwa chini ya kofia, na Bisimwa hakumtambua. "Karibu, nnyabo," alisema bila kuinua macho, kama kwa bibi yeyote mteja. Alipoinua, alisimama wima kama kuruta.

"Kaa chini," Akot alimwambia. "Nimekuja kwa hayo mahesabu. Ukinicheka, nakukamata."

Bisimwa alimfungulia jedwali la Ekseli alilolitoa kwenye intaneti. Lilikuwa zuri, la rangi rangi, lakini la watu wa mbali. Akot alilisoma mstari kwa mstari, nyusi zikipanda.

"Mkopo wa nyumba. Mazoezi ya mwili. Likizo. Hii nini? Chakula cha mbwa?"

"Huna mbwa?"

"Nina kambi nzima ya askari. Futa."

Akafuta. Akaondoa dola akaweka shilingi, akaondoa senti kwa sababu Kampala hakuna anayezijua. Akamuuliza kila kitu, taratibu, kama daktari. Mshahara unaingia mara moja, lakini mkaa unanunuliwa kila siku mbili. Kwa hiyo akaugawa mwezi kwa wiki. Akaweka safu tatu: ulichopanga, ulichotumia, kilichobaki. Kisanduku kikizidi mpango, kinageuka chekundu chenyewe.

"Sasa niambie wanaokula pesa yako," alisema. "Anza na anayekukasirisha zaidi."

Mkaa. Unga wa posho na maharage. Madumu ya maji. Umeme. Boda za asubuhi anapochelewa gwaride. Michango ya misiba, ambayo haikuwahi kupungua. Ada ya Laker, mdogo wake aliyekuwa kidato cha tatu, na pedi za Laker, ambazo Akot alizitaja kwa sauti ya chini. Shangazi wa Kitgum.

"Na Mzee," alisema.

"Mzee... dawa?"

Akot alitikisa kichwa. Baba yake, Ojera, alikuwa sajini mstaafu aliyepigana vita asivyovisimulia. Tangu mkewe afariki miaka sita iliyopita aliishi na mabinti zake kwenye nyumba ya Akot ya vyumba viwili, katika kambi ya askari upande wa Luzira. Kila jioni alikwenda kwenye kantini ya Mama Acayo, akanywa waragi kwa mkopo, na kila mwisho wa mwezi Akot alilipa deni. Hakuna mtu aliyewahi kulitamka jambo hilo ndani ya nyumba ile.

"Andika pombe," alisema. "Elfu themanini na tano."

Aliukaza uso akingoja. Lakini Bisimwa aliandika tu, *Mzee – pombe*, bila kugeuka, bila kutoa sauti ya kuhurumia, kisha akauliza, "Na sukari?"

Hapo ndipo alipompenda. Hakuwa na haja ya kujidanganya kwamba ilikuwa siku nyingine.

*

Miezi minne ilipita vizuri. Simu zilipigwa asubuhi kabla ya gwaride, na mchana jua likiwa utosini.

"Mkongo."

"Naam, Afande wangu."

"Jedwali lako limenitolea wekundu kwenye sukari."

"Si jedwali, sheri, mpenzi. Ni chai yako. Vijiko vinne kikombe kimoja!"

"Unanihesabia vijiko?"

"Nakuhesabia kila kitu. Ndiyo kazi uliyonipa."

Baada ya miezi mitatu Bisimwa alimtengenezea ukurasa mpya, mfupi na safi, wenye jumla za kila mwezi. Ule wa zamani, wenye kila shilingi na kila jina, hakuufuta, kwa kuwa jumla za ukurasa mpya zilitoka humo. Aliuficha tu. "Uko nyuma ya pazia," alimwambia. "Usikusumbue macho." Akot akaridhika. Bisimwa alipoanza kusema kwamba angependa kumwona Mzee, Akot alimkatiza kila mara. "Bado," alimwambia.

Kisha ikaja Jumatatu ile.

Akot aliingia kituoni kutia sahihi daftari la zamu akawakuta askari watano wamejazana kwenye chumba cha kumbukumbu, ambako konstebo aliyeitwa Babra alikaa na kompyuta pekee ya kituo. Babra alikuwa na nyusi za kuchora na mdomo usio na mlango. Alipomwona Akot akapiga makofi.

"Banange, koplo wetu! Mambo ya Mzee? Elfu themanini na tano kwa mwezi! Anakunywa au anaoga?"

Kicheko kilipasuka. Akot akasogea, akaitazama skrini. Ulikuwa ukurasa wake. Mkaa wake. Shangazi yake wa Kitgum. Pedi za mdogo wake, mbele ya wanaume watano wenye buti. Na mstari wa Mzee, mwekundu kuliko yote.

"Umeitoa wapi?" aliuliza polepole.

"Si kwa Mkongo wako? Anauza. Elfu kumi tu. Tena alinionyesha mwenyewe ulikojificha, tukacheka sana."

Akot hakufoka. Wale waliomjua wakaacha kucheka.

*

Alifika kibandani akiwa na sare, kofia mkononi, jasho likimchirizika shingoni. Wateja watatu waliokuwa kwenye foleni walimtazama usoni wakakumbuka kwamba wana shughuli mahali pengine.

"Sheri, leo umewahi..."

"Usiniite hivyo. Umeuza mahesabu yangu?"

Bisimwa alisimama. Rangi ilimtoka.

"Niliuza jedwali. Tupu. Nilifuta kila kitu chako..."

"Pedi za Laker zinasomwa kituoni kwa sauti!"

Bisimwa alifumba macho. Ilimchukua muda kuelewa, kisha akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Ukurasa wa nyuma. Mungu wangu. Nilifuta ule wa mbele, wa nyuma nikausahau."

"Umeuza ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja!" Akot alipiga meza, vitambulisho vya watu vikaruka. "Kampala yote inaniona nimevaa sare. Wewe peke yako nilikuonyesha mfuko wangu mtupu, na wewe ukaenda kuupanga sokoni kama nyanya! Uliniuliza?"

"Watu waliona kwenye skrini yangu wakaitaka. Kodi ya kibanda ilikuwa..."

"Sikuuliza kodi. Uliniuliza mimi?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Bisimwa angeweza kudanganya. Wanaume wengi wangedanganya. Yeye alisema, "Kwa sababu nilijua ungekataa."

Akot aliinua mkono. Bisimwa hakukwepa. Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka, kwa sababu Akot alijua kwamba akimpiga hasira itapungua, na hakutaka ipungue hata chembe.

"Nisikuone njia panda," alisema. "Ukitaka kuvuka, zunguka Naguru."

*

Mtama ukimwagwa penye kuku wengi hauokoteki. Akot alipofika kambini jioni, habari ilikuwa imeshafika kantini, imekunywa na kurudi nyumbani. Mzee Ojera alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, mgongo umenyooka, hajaenda popote. Laker alimwandalia mboga za malakwang na viazi vitamu kama kawaida. Mzee akaitazama sahani.

"Hii chakula nani alinunua?"

"Akot, Baba," Laker alijibu.

"Imeandikwa?"

Akot, aliyekuwa akifungua kamba za viatu mlangoni, aliganda.

"Peleka ndani," Mzee alisema. "Iandikwe kwanza."

Hakula. Tangu siku hiyo hakula chakula cha nyumba ile. Alikula kwa jirani yake Cleopas, sajini mwenzake wa zamani. Akiletewa maji ya kuoga aliuliza, "Dumu hili shilingi ngapi?" Akiwashiwa taa alisema, "Zima, unaandikisha." Kwa binti yake hakusema neno. Aliongea na sahani, na dumu, na taa, kwa sauti ya kutosha kusikika vyumba vyote viwili.

Akot naye aliwaka. Alimkasirikia Babra, akamkasirikia Bisimwa, akamkasirikia Mzee kwa kukasirika. Wiki hiyo aliandika faini nyingi kuliko mwezi mzima uliopita. Dereva mmoja wa kokoto alimwuliza, "Afande, kwani mimi ndiye niliyekuacha?" akaandikiwa mbili.

Bisimwa alipiga simu mara kumi na saba siku ya kwanza. Akot hakupokea. Siku ya pili hakupiga. Ukaja ujumbe mmoja mfupi:

*Fundi cherehani, Banda. Nimefuta ukurasa. Nimemrudishia elfu kumi. Wamebaki kumi.*

Hakukuwa na sheri, wala samahani. Siku iliyofuata:

*Mwenye duka la rangi, Nakawa. Nimefuta. Hakuwa ameona kitu. Wamebaki tisa.*

Akot aliusoma, akairusha simu kitandani. Lakini kesho yake, ilipofika saa kumi na ujumbe haujaja, alijikuta anaitazama simu hiyo kila gari la tatu. Ulipokuja, aliusoma mara mbili, akajikasirikia.

Wakabaki wanane, saba, watano. Siku ya kumi na tisa ujumbe ulikuwa tofauti:

*Hajati wa mashuka, Kibuli. Wa mwisho. Amekataa nisiguse kompyuta. Anasema mimi mwizi, anaita watu. Niko mbele ya duka. Siondoki.*

Akot akapiga.

"Mjinga wewe! Unataka kuchomwa kwa matairi mchana kweupe?"

"Jambo, Afande."

"Usinijambo! Duka liko wapi?"

"Chini ya msikiti, upande wa kulia. Lina mashuka ya maua mlangoni."

"Usiseme neno lolote mpaka nifike. Hata jina lako usiseme."

*

Boda ilimteremsha Kibuli akiwa na sare nyeupe iliyojaa vumbi. Bisimwa alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro, amezungukwa na watu saba, shati limekunjamana, viatu havijaguswa na rangi kwa siku nyingi. Akot aliona viatu vile kabla ya kuona uso wake, na kitu kikamchoma, akakasirika zaidi.

Hajati alikuwa mwanamke mnene, mwenye hijabu ya zambarau na sauti ya mnada.

"Afande, umekuja vizuri! Huyu kijana aliniuzia mahesabu, sasa anataka kunifutia! Tangu nimepata dude hili, wanangu hawaniibii tena sukari. Siachii!"

"Hafuti mahesabu yako, Hajati," Akot alisema. "Kuna ukurasa wa mtu mwingine umejificha humo. Anautoa huo tu."

"Wa nani?"

Akot alivuta pumzi. Watu saba walikuwa wakisikiliza. "Wangu."

Hajati alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. Kisha akawageukia wale watu. "Mnataka mashuka? Hamtaki? Basi nendeni!" Akawasukuma nje, akafunga nusu ya mlango, na Bisimwa alipoifungua kompyuta yeye akageuza uso ukutani. "Malizeni. Mambo ya nyumba ya mtu mimi sitazami. Mimi mwenyewe mwezi mzima sijawahi kujua kama kuna kitu huko."

Bisimwa alibonyeza, ukurasa ukatokea. Akaisogeza kompyuta mbele ya Akot.

"Futa wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Wengine wote nimefuta mimi. Hapa upo, futa mwenyewe."

Akot alibonyeza. Ukurasa ukaondoka, wala hakuna kilichotikisika duniani.

"Ulimwonyesha Babra ulipojificha," alisema bila kumtazama. "Mkacheka."

"Babra nani?"

"Usinifanye mtoto. Wa chumba cha kumbukumbu."

"Simjui Babra yeyote. Kituoni kwenu nilimuuzia mtu mmoja, dereva Wanyama. Na kwake nilikwenda juzi." Bisimwa alimtazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza. "Nilikuuza, ndiyo. Kwa uvivu wangu na kwa ujeuri wangu, nalikubali hilo. Lakini kucheka? Akot, mimi neno lile la pombe nililichapa bila kugeuka ili usinione uso. Baba yangu mimi alikufa nalo."

Hajati alikohoa ukutani. "Afande, elfu kumi zangu asinirudishie. Kazi nimeipenda."

Nje, Bisimwa alisubiri. Akot alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Naona."

"Panda boda. Kuna nakala moja ambayo hukuihesabu."

*

Babra alipowaona wakiingia wote wawili alianza kutabasamu, akaacha katikati.

"Huyu ndiye Mkongo wangu," Akot alisema. "Ndiye mliyecheka naye. Msalimie."

Babra alitazama mlango, akatazama kompyuta. "Nilisema tu," alinong'ona. "Wanyama alinipa nakala. Nilibonyeza bonyeza, ukatokea. Hakuna aliyenionyesha."

"Ondoka kwenye kiti."

Akot alikaa mwenyewe. Alikuwa amejifunza Kibuli pa kubonyeza. Lakini alipokuwa akitafuta ukurasa wake, ukurasa wa mbele ulifunguka kwanza, ule ambao Babra aliujaza mambo yake. Ulikuwa mwekundu juu hadi chini. Mstari wa tatu uliandikwa: *Mganga, mume arudi – laki mbili.* Mwezi uliofuata, laki mbili tena.

Nyuma yake sakafu ililia. Wanyama na askari wengine walikuwa wamejazana mlangoni kuona kinachoendelea. Babra alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, macho yanamsihi.

Akot alikuwa na hasira ya siku kumi na tisa. Ilimpanda kifuani ikagonga meno. Angeweza kugeuza skrini kwa kidole kimoja. Alikaa akiitazama laki mbili ile, akaona jinsi ilivyoandikwa na mtu aliyekuwa peke yake. Akaufuta ukurasa wake, akazima kompyuta.

"Mnatafuta nini?" aliwauliza wale wa mlangoni. "Hakuna barabara leo?"

Alipopita karibu na Babra alisema kwa sauti ambayo yeye peke yake aliisikia: "Nimeona. Na mimi mdomo wangu una mlango."

*

Jumapili saa kumi Bisimwa alifika kambini. Akot alikuwa amemwambia aje kumwomba Mzee radhi, basi. Asithubutu kutaja jambo jingine. Bisimwa alivaa shati jeupe lililofungwa mpaka kooni. Akot alikuwa na sketi ya kijivu na blauzi ya kanisani, na mikono yake haikujua pa kukaa.

Mzee Ojera hakuinuka kigodani.

"Wewe ndiye Mkongo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Wewe ndiye uliniandika?"

"Ndiyo, Mzee. Kosa ni langu, nimekuja..."

"Anadanganya," Akot alisema.

Wote wawili wakamgeukia. Hakuwa amepanga kusema hivyo. Lakini neno likishatoka huvuta mengine, na haya yalikuwa yamengoja muda mrefu.

"Yeye aliuza, hilo ni lake, na nitamkasirikia mpaka nichoke. Lakini neno lile nililisema mimi. Kwa kinywa changu. Miaka sita, Baba! Miaka sita naenda kwa Mama Acayo kila mwisho wa mwezi, nalipa, narudi hapa nakuamkia kama hakuna kitu. Laker amefukuzwa shule mara mbili kwa ada. Nimevaa soksi moja mwaka mzima. Halafu wewe ndiye unayesusa chakula? Wewe ndiye uliyeumia? Nimekukasirikia, Baba! Si kwa ajili ya wiki hizi tatu. Tangu Mama afe!"

Laker alitokea mlangoni na ufagio, akasimama hapo hapo. Mzee Ojera aliangalia mikono yake.

"Uliiambia mashine," alisema, "kabla ya kuniambia mimi."

"Mashine haikunipa mgongo."

Mzee aliinuka. Ilimchukua muda, goti moja lilikuwa bovu. Akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake.

Jirani alikuwa akifua. Maji ya sabuni yalipita katikati yao kwenye mfereji. Akot alilia bila kujificha, kwa hasira, akijifuta kwa nyuma ya mkono.

"Niondoke?" Bisimwa aliuliza.

"Ukiondoka sasa hivi usirudi tena maisha yako yote."

"Na nikibaki?"

"Simama hapo. Na usinishike."

Akasimama hapo, hakumshika.

Mlango ulipofunguka, Mzee Ojera alikuwa amevaa koti lake la zamani la kijeshi, vifungo vyote vimefungwa. Alikaa tena kigodani.

"Elfu themanini na tano ni uongo," alisema.

"Baba..."

"Sijamaliza. Hiyo ni ya kwako. Ya Cleopas, anayoninunulia yeye, hukuandika. Na redio ya mama yako sikuibiwa, niliuza. Andika zote." Akamgeukia Bisimwa. "Wewe unayejua hesabu. Themanini na tano, kwa mwaka, ni ngapi?"

"Milioni moja na elfu ishirini, Mzee."

"Hiyo ni ng'ombe."

"Karibu, Mzee."

"Miaka sita." Mzee alihesabu kwa vidole, kwa utulivu wa askari anayehesabu waliorudi. "Nimekunywa ng'ombe sita wa binti yangu." Alivikunja vidole. Kisha akasema, kwa sauti ya gwaride, "Na wewe, Mkongo! Una ng'ombe?"

Bisimwa alishtuka. "Sina, Mzee. Nimekuja tu kuomba radhi..."

"Mtu havai shati hilo kuomba radhi. Una wazee?"

"Nina baba mdogo. Augustin. Anauza viatu Katwe."

"Mlete. Mimi sizungumzi habari ya binti yangu na mtu mmoja aliyesimama uwanjani."

"Nimlete lini, Mzee?"

"Sasa. Kabla kiu haijanishika." Akamwita Laker bila kugeuza kichwa. "Kuna chakula?"

"Kipo, Baba," Laker alisema, akakimbia ndani.

Akot alimtazama Bisimwa. Macho yalikuwa bado mekundu, na hasira ilikuwa bado mahali pake, haijaenda popote. "Unangoja nini?" alifoka. "Amesema sasa!"

Bisimwa alitoa simu, vidole vikiteleza.

"Baba mdogo? Uko wapi? Bon, sikia, vaa suti. Ile ya kahawia. Njoo Luzira... Hapana, hakuna aliyekufa. Hapana, Baba mdogo, sijakamatwa. Ndiyo, niko kambini kwa polisi, lakini sijakamatwa. Nakuapia. Dhamana ya nini? Usibebe pesa! Yaani beba, lakini si ya dhamana..."

Akot alimnyang'anya simu.

"Jambo, Baba," alisema. "Mimi ndiye huyo polisi. Njoo haraka."